Mwanangu hasemi tena baada ya magharibi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nina cherehani yangu barazani, nashona nguo za watu. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, anapeleka mizigo Zambia. Nyumbani anakaa siku nne au tano, kisha anaondoka tena wiki tatu. Nakuandikia kuhusu mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 9.

Hadi mwaka jana alisoma shule ya serikali hapa jirani, darasa la tatu, na alikuwa anafanya vizuri. Hesabu ndiyo usiseme. Ila baba yake alipatwa na jambo mpakani mwaka juzi. Karatasi za mzigo zilikuwa na kasoro, akaulizwa maswali kwa Kiingereza, akashindwa kujieleza. Alikaa pale siku mbili huku wenzake wanapita. Alirudi nyumbani akaapa kwamba mwanawe hatasimama mbele ya watu kama bubu. Januari tukamhamishia shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wakampa mtihani, na badala ya kuingia la nne wakamrudisha la tatu. Sasa anakaa na watoto waliokuwa nyuma yake.

Kule shuleni mtoto akisikika anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Mwanangu muhula wa kwanza alikivaa karibu kila siku. Nilipokwenda kuuliza maendeleo yake, mwalimu aliniambia kwa upole kwamba tatizo ni nyumbani, tunaongea Kiswahili mno. Mimi niliishia kidato cha nne na Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini nikaweka sheria: kuanzia magharibi mpaka kulala, Kiingereza tupu.

Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili akanyamaza. Sasa anakula kimya, anaosha sahani yake kimya, saa mbili usiku amelala. Akitaka chumvi anaonyesha kidole, na mdogo wake wa miaka 4 ndiye anayemsemea: "Kaka anataka chumvi." Mwezi uliopita niliamka asubuhi nikakuta mto wake umelowa, sikio linatoa maji na mwili unachemka. Nikamuuliza, kwa nini hukuniamsha usiku? Akasema, "Sikujua sikio linaitwaje." Shangazi, niliingia chooni nikalia. Na bado sijaifuta ile sheria, kwa sababu kila jioni baba yake anapiga simu kuuliza, leo kaongea?

Tuna mwalimu wa tuisheni anakuja siku tano kwa wiki, anamkaririsha maneno na namna ya kuyaandika. Mtoto anasinzia. Akitoka chuoni kwa Kurani, badala ya kurudi nyumbani anakwenda kujibanza kijiweni kwa mzee mmoja fundi baiskeli, huko anashika spana mpaka adhana. Nimemkataza, haachi. Jumamosi ni chandimu na gololi. Likizo nikimpeleka kwa mama yangu Mkinga anaongea Kidigo na wenzake kutwa nzima, anakijua kuliko mimi. Kiingereza ndicho kimemshinda. Naona ana kichwa kizito kwa lugha.

Baba yake anataka kumnunulia kishikwambi aangalie katuni za Kiingereza. Mama yangu anasema mrudisheni alikotoka. Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na huko ataufanya kwa Kiingereza. Mimi nataka kujua, kuna namna mtoto akacheza kama mtoto huku Kiingereza kinaingia? Na mama asiyekijua anaweza kumsaidia, au nimwachie mwalimu tu?

Mama wa Ngamiani

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na sikio. Kama hukumpeleka hospitali, au ulimpa dawa ya dukani likakauka, mpeleke zahanati wiki hii, na waombe wampime na usikivu wake. Wakiona haja watakuandikia hospitali ya Bombo. Sikio lililotoa maji linaweza kukaa na majimaji kwa ndani wiki nyingi baada ya homa kwisha, na mtoto akawa anasikia kama mtu aliyeinamia mtungi. Kwa lugha aliyozaliwa nayo anajaziliza yasiyosikika. Kwa lugha ngeni hawezi. Huenda sikio halina uhusiano wowote na yanayotokea darasani, lakini hilo lijue kwa hakika kwanza, kabla hujahukumu kichwa chake.

Sasa barua yako. Umeniuliza kuhusu michezo, nami nitafika huko. Ila nilipoisoma mara ya pili niliona unanieleza jambo zito zaidi, kwamba mtoto aliyekuwa anacheka sasa hana sauti nyumbani kwake kuanzia jua linapozama, nawe hujui kama unamsaidia au unamuumiza. Nikaona pia hofu mbili zimekaa juu ya bega la mtoto mmoja, ile ya baba aliyesimama mpakani siku mbili, na ya mama anayehisi kidato cha nne kilimfungia mlango. Hofu hizo si za kijinga. Nchi hii shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na watoto wengi wenye akili wanadondokea hapo. Mumeo ameliona tatizo la kweli.

Lakini hilo la kichwa kizito naomba tulitazame tena. Umeniandikia mwenyewe kwamba anaongea Kiswahili, kwamba Kidigo anakijua kuliko wewe, na kwamba kila siku yuko chuoni, ambako bila shaka anasoma sura kwa Kiarabu na kutoa ain na ha mahali pake. Huyo ni mtoto ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya nne. Jiulize Kidigo alikipataje. Hakuna aliyemkalisha chini na orodha ya maneno. Alikuwa anataka kupasiwa mpira, anataka kuambiwa maembe yako wapi, na watoto wa Mkinga hawakuwa na Kiswahili cha kumsubiri. Akikosea walicheka naye kidogo, mchezo ukaendelea.

Na kimya chake? Watu waliochunguza watoto wanaoingizwa katika lugha mpya wamekiona kimya hicho nchi nyingi: miezi kadhaa mtoto anasikiliza, anaelewa zaidi ya anavyosema, mdomo unangoja. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, aliyefuatilia watoto wa wahamiaji, alionyesha kwamba lugha ya kuongea na wenzako huchukua kama miaka 2, lakini lugha ya darasani, ile ya kuelezea sayansi na kujibu mtihani, huchukua miaka 5 hadi 7. Wako ana miezi michache tangu Januari. Sikuambii kimya chote ni salama. Kimya cha kusikiliza na kimya cha kuogopa kinafanana kwa nje, na tukio la sikio linanifanya nidhani wako ana vyote viwili. Wewe unayemwona usoni utajua kuliko mimi.

Mwalimu alipokwambia muongee Kiingereza nyumbani, naamini alikutakia mema. Ila mama anayeongea lugha asiyoijua anabaki na maneno machache ya amri: kaa, kula, lala. Kwa Kiswahili unaweza kumweleza kwa nini mwezi unaandama, kumbembeleza, kumtegea vitendawili, kumsuta akikosea na kumfurahisha dakika hiyo hiyo. Jambo ambalo mtoto amelielewa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza linahitaji jina jipya tu. Kuzidisha anakujua, hana haja ya kujifunza upya. Ukimnyima mazungumzo ya Kiswahili saa zile chache za jioni, ambazo ndizo pekee mnazokaa pamoja, sina hakika unampa nini badala yake.

Kile kibao nacho kinaniumiza roho. Si kigeni, na wala hakikuanzia kwetu. Karne ya 19 watoto wa Wales, nchi iliyo kwenye kisiwa kile kile ilikotoka lugha ya Kiingereza, walivishwa kibao shingoni wakisikika wanaongea Kiwelisi, nao walikipitisha kwa mwenzao atakayefuata kukosea, kama anavyofanya mwanao. Mtoto anayevaa kibao anajifunza kunyamaza, na anayetaka kukivua anajifunza kuvizia rafiki yake. Unaweza kwenda kumwona mwalimu wa darasa ukamweleza habari ya sikio, bila kushtaki mtu. Hatari ipo, kwamba mtoto akaonekana wa kulalamikiwa. Ndiyo maana ningekushauri utafute mzazi mwingine mmoja au wawili wenye uchungu kama wako, mwende pamoja, tena asubuhi mwalimu hajachoka.

Kuhusu sheria ya magharibi, wewe na mumeo ndio wenye nyumba. Ila fikiria walau kutoa nje yake maumivu, njaa, hofu na ndoto mbaya. Hayo yasemwe kwa lugha yoyote, saa yoyote, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Kisha jiulizeni kama jioni nzima ya Kiingereza cha kimya inashinda nusu saa ya Kiingereza cha kucheka.

Sasa twende kijiweni kwa fundi baiskeli, kule ulikomkataza. Mimi niliposoma pale nilifurahi. Hebu sikiliza wanavyosema pale siku nzima: breki, cheni, pedeli, pampu, tairi, tyubu, spoku, nati, bolti, spana. Yote hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa kanzu. Mwanao anayo kichwani, anayashika kwa mkono, na hakuna aliyemwambia kwamba hicho ni Kiingereza. Mpe daftari moja lisilo la shule. Achore baiskeli kubwa ukurasa mzima, aandike kila kifaa kinavyoitwa kijiweni, halafu atafute kinavyoandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa tuisheni amsaidie hapo. Atagundua mwenyewe kwamba Kiswahili hakipendi neno liishie hewani, kinaliwekea irabu mwishoni: "brake" ikawa breki, "chain" ikawa cheni. Mtoto anayependa hesabu anapenda kanuni, na akiishaikamata hiyo ataanza kuwinda mengine jikoni, stendi, benki, mpaka kwenye cherehani yako. Ataona pia kwa nini kuandika Kiingereza kunamtesa. Sisi tunasoma kila herufi kama ilivyo. Wao wanaandika "knife" na ile k haisemwi. Si kosa lake kulishangaa hilo.

Uwanjani ni hivyo hivyo. Goli, kona, penalti, faulo, refa, yote anayo. Mwache atangaze mpira. Mpe simu yako dakika mbili ajirekodi akitangaza mechi ya chandimu, au hata ya gololi mbili barazani, kwa Kiingereza chochote alicho nacho, akikwama achanganye Kiswahili. Watangazaji wa redio huchanganya pia. Halafu asikilize mwenyewe. Usimsahihishe wewe, sauti yake itamwambia wapi pamepungua, na kesho atataka kurekodi tena. Kwenye kombolela anayefumba macho ahesabu mpaka 20 kwa Kiingereza. Hilo halihitaji hata kuagizwa, anza wewe siku moja kwa kucheza nao, watakuiga.

Kuna mchezo mwingine unaokufaa wewe hasa. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, aliona kwamba watu hushika lugha haraka wanapotii amri kwa mwili kabla ya kulazimishwa kusema. Mwombe mwalimu wa tuisheni akuandikie amri 20 fupi kwenye karatasi, na akusomee mpaka ulimi wako uzoee: simama, ruka, gusa mlango, shika sikio. Jioni wewe ndiye mtoaji wa amri, yeye na mdogo wake wanatii, hakuna anayedaiwa kusema neno. Siku ya tatu mbadilishane. Yeye aamuru, wewe utii, na ukikosea acheke. Umeniuliza kama mama asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia. Katika mchezo huu kutojua kwako ni faida, kwa sababu mtoto aliyerudishwa darasa anapata mtu mmoja duniani ambaye yeye ndiye anamfundisha.

Tahadhari moja. Mtoto akinusa mtihani ndani ya mchezo, hatarudi. Ukimsimamisha katikati kumwambia siyo "he", ni "she", umeuua. Kiswahili kina yeye mmoja tu, wa kike na wa kiume, kwa hiyo kosa hilo litamfuata muda mrefu. Mjibu tu kwa sentensi iliyo sawa kama unaijua, usonge mbele.

Kishikwambi sikipingi wala sikisukumi. Zipo katuni za elimu zinazotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Akiangalia kipande kile kile kwanza kwa lugha yake kisha kwa ile nyingine, atafuata kisa bila kupotea. Lakini kioo hakimjibu, bando linaisha, na mtoto akiachiwa peke yake anateleza haraka kwenda kwenye mambo mengine. Kama mtanunua, kikae sebuleni na kiwe na saa yake. Kabla ya kununua, jaribu simu uliyo nayo: mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umeweka hadithi za picha za bure, nyingi ziko kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wewe soma ya Kiswahili, yeye akusomee ya Kiingereza. Na maktaba ya mkoa hapo Tanga mpeleke Jumamosi moja, achague mwenyewe, hata akichagua kitabu cha magari tupu.

Mwalimu wa tuisheni usimfukuze kwa hasira. Upimaji wa mwakani upo, na kuandika kutahitajika. Lakini siku tano kwa mtoto anayesinzia ni nyingi. Mwulizeni kama siku mbili au tatu zingetosha, na kama angekubali kuanzia kwenye lile daftari la baiskeli.

Nimemfikiria sana mumeo. Kila jioni anauliza, leo kaongea? Naye yuko mbali, hilo ndilo swali pekee analoweza kulishika mkononi. Vipi kama angekuwa yeye wa kwanza kuongea? Lori likipita Chalinze, likipita katikati ya hifadhi ya Mikumi, likifika Iringa, Mbeya, Tunduma, ajirekodi sentensi moja ya Kiingereza kuhusu alichokiona, aitume. Mtoto aitafute sehemu hiyo kwenye ramani, ajibu kwa sentensi yake moja. Kiingereza cha barabarani kinatosha, wala asijali makosa. Na je, mtoto anajua habari ya zile siku mbili mpakani? Nahisi hajaambiwa. Anaona ukali tu, haoni ulikotoka. Hiyo ni hadithi ya kusimuliwa kwa Kiswahili, baba na mwana, taratibu.

Ule ushauri wa mama yako wa kumrudisha alikotoka sitaujibu kwa ndiyo au hapana. Akirudi, atakuwa na rafiki zake na hesabu zake zitang'ara tena. Kiingereza atakisoma kama somo moja, na kidato cha kwanza kitakuwa mbele kinamngoja, kwa hiyo michezo hii itahitajika vile vile. Tena anaweza kuona amerudishwa kwa kushindwa, msipomweleza vizuri. Akibaki, atasikia Kiingereza kutwa nzima, jambo ambalo nyumbani hamwezi kumpa, lakini itategemea sana kile kibao na kama ameanza kupata rafiki mle darasani. Hilo la rafiki hukuliandika. Muulize anakaa na nani wakati wa mapumziko.

Mumeo akirudi safari hii, msilizungumze usiku mtoto akiwa amelala. Kaeni mchana, baada ya chakula, naye awepo, na daftari lake la baiskeli liwepo. Aulizwe anachotaka, ajibu kwa lugha yoyote. Halafu niandikie uniambie alisema nini, na sikio linaendeleaje.

Shangazi